Redio ya Morse ikigonga yenyewe: tuanzie kwenye waya kabla ya kulaumu chipu

Hapa kwetu Pwani, adui wa kwanza wa redio ya kujiundia ni chumvi. Mtu wa Nairobi akiona redio yake inakataa kutuma, huenda akashuku transista. Mtu wa Diani, Gazi au Msambweni aanze kwenye tundu la plagi, kwa sababu upepo wa kusi ukivuma miezi yote ile, unyevu na chumvi huingia kila penye chuma kilicho wazi. Nimeona vijana wetu wakiweka kando vyombo vizima, na wengine wakilipishwa bei ya bodi mpya, kwa tatizo ambalo dawa yake ni kitambaa, spiriti na dakika kumi. Ndiyo sababu naandika haya.

Kwanza tuelewane tunazungumzia nini. Kuna watu, hapa Kenya na duniani kote, wanaowasiliana kwa redio kwa mapenzi na kwa kujifunza, si kwa biashara. Huitwa waredio wa ridhaa. Hapa nchini leseni yao hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, na majina yao ya hewani huanza na 5Z4. Baadhi yao huunda redio ndogo wenyewe, za wati 5 au chini, nguvu ndogo kuliko balbu nyingi za LED za sebuleni. Kwa nguvu hiyo sauti ya kuzungumza hupotea upesi. Lakini alama za Morse, yaani nukta na vistari, hubeba ujumbe katika nafasi nyembamba sana ya masafa, na sikio la binadamu huweza kuzitoa hata ndani ya kelele. Jioni nzuri, wati 5 kutoka Ukunda zinaweza kusikika Ulaya.

Mtu ataniuliza, ya nini hayo zama za simu? Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu, na intaneti ya Afrika Mashariki ikazorota kwa siku kadhaa. Siku kama hizo ndipo mtu hukumbuka kuwa redio ya kona ya meza, betri na waya uliotundikwa kwenye mnazi havihitaji kampuni yoyote katikati. Wala sisemi mvuvi aende baharini na Morse. Mfumo mpya wa usalama wa meli ulipoanza kutumika kikamilifu tarehe 1 Februari 1999, Morse ilipumzishwa baharini. Mvuvi anahitaji redio ya VHF yenye chaneli 16 na jaketi la kuokolea. Faida ya Morse kwa kijana wetu ni nyingine: inamfundisha umeme kwa mikono yake, na ufundi huo ni mlo.

Sasa tuje kwenye ugonjwa wenyewe.

Kabla ya yote, usitumie antena

Redio inayotuma yenyewe inasumbua watu wengine hewani na inaweza kuunguza transista yake ya mwisho. Kwa hiyo chomoa antena, weka mzigo wa majaribio. Chukua rezista 20 za kilo-omu 1, za robo wati, zile za kawaida zisizo za waya wa kuzungushwa. Ziunganishe zote sambamba. Utapata omu 50 zinazobeba wati 5. Ni kifaa cha pesa kidogo, na kitakuokoa mara nyingi. Kwenye waya wa betri weka fyuzi ya ampia 2, hasa kama betri yako ni ya lithiamu.

Hatua ya kwanza: gawa tatizo mara mbili

Usifungue boksi bado. Chomoa kitufe cha kugongea, uache redio ikiwa imewashwa. Kama bado inatuma, tatizo limo ndani ya redio au kwenye tundu lake. Kama imenyamaza, tatizo liko nje, kwenye kitufe, waya au plagi. Kisha chukua kipande cha waya, gusanisha kwa muda mfupi mguu wa ncha na mguu wa ardhi wa tundu. Redio ikituma safi na kuacha ukiachia, basi redio yako ni nzima, usiifungue kabisa. Jaribio hili la dakika moja linakuondolea nusu ya kazi.

Hatua ya pili: plagi na mpangilio

Redio nyingi za siku hizi zina kigongaji cha ndani kinachotengeneza nukta na vistari vyenyewe. Kitufe chake kina pande mbili: upande mmoja nukta, mwingine vistari. Plagi yake ina sehemu tatu, kama ya hedifoni: ncha, pete na shina. Kwa kawaida ncha ni nukta, pete ni kistari, shina ni ardhi. Ukichomeka plagi ya sehemu mbili kwenye tundu la sehemu tatu, shina refu hugusa pete na ardhi pamoja, na redio hutoa vistari bila kukoma. Hapo hakuna kilichoharibika. Umeweka plagi isiyostahili.

Soma dalili nyingine hivi. Kitufe cha kawaida cha kugonga juu na chini, kikitoa mfululizo wa nukta ukikibonyeza, redio imewekwa kwenye hali ya kitufe cha pande mbili. Kitufe cha pande mbili, kikitoa mlio mrefu upande mmoja na kimya upande wa pili, redio imewekwa kwenye hali ya kitufe cha kawaida. Nukta na vistari vikibadilishana pande, geuza nyaya mbili au badilisha mpangilio. Haya matatu hayahitaji lehemu hata tone.

Hatua ya tatu: chumvi

Weka mita kwenye kipimo cha omu, gusa miguu miwili ya plagi. Kitufe kikiwa huru, mita isome wazi kabisa. Kikibonyezwa, isome chini ya omu 1. Ukiona namba inacheza huku umeshikilia kitufe, mguso umechafuka. Ukiona omu elfu kadhaa huku kitufe kiko huru, kuna unyevu wenye chumvi unaopitisha umeme kidogo, nao unatosha kuidanganya redio kwamba umebonyeza.

Msimu wa kusi uliopita kijana mmoja wa Msambweni aliniletea redio yake imefungwa kwa karatasi ya gazeti. "Mjomba, hii inajigonga nukta yenyewe usiku. Wameniambia ninunue bodi nyingine." Nilimwuliza mchana inakuwaje. Akasema mchana ni nzima. Jibu lilikuwa humo humo: usiku umande unashuka, mchana jua linakausha. Tundu la plagi lilikuwa na kutu ya kijani kati ya miguu yake. Tulilisafisha kwa mswaki na spiriti, tukalikausha juani, tukaijaribu alfajiri ya siku ya pili. Haikugonga hata nukta moja isiyo yake.

Unapoosha miguso ya kitufe, tumia karatasi nene safi iliyochovywa spiriti, ipitishe kati ya miguso huku umeibana taratibu. Usitumie msasa. Msasa unaondoa tabaka jembamba la madini mazuri, na baada ya hapo kutu inarudi kwa kasi zaidi. Nafasi kati ya miguso iache iwe kama unene wa karatasi moja ya daftari.

Hatua ya nne: betri inayoanguka

Redio ya wati 5 huvuta karibu ampia 1 inapotuma. Waya mwembamba mrefu, au plagi ya betri iliyolegea, ikiwa na nusu omu tu, inakula nusu volti. Zaidi ya hapo kompyuta ndogo iliyo ndani ya redio inaweza kujizima na kujiwasha, na wewe unadhani kitufe kinakatika. Dalili nyingine ni mlio unaopinda kama ndege kila unapobonyeza, kwa sababu volti ikishuka masafa nayo yanahama.

Pima volti kwenye bodi yenyewe, si kwenye betri, na upime huku umebonyeza. Ikishuka kutoka 12.6 hadi 12.3, endelea na safari. Ikishuka hadi 10, shughulikia betri na nyaya kwanza. Wanaochaji kwa sola wakumbuke kupima usiku, maana mchana paneli inaficha uchovu wa betri.

Hatua ya tano: mawimbi yanayorudi nyumbani

Huu ndio ugonjwa unaochosha watu, kwa sababu redio ni nzima kwenye mzigo wa majaribio lakini inarukwa na akili ukiweka antena. Unagonga nukta moja, zinatoka tano. Sababu ni kuwa mawimbi ya antena yanaingia kwenye waya wa kitufe, na redio inayasoma kama mkono wako.

Tiba ni tatu. Kwanza, kapasita ya mikrofaradi 0.01 kutoka kila mguu wa tundu hadi ardhi, ukiilehemu karibu kabisa na tundu. Usiweke kubwa ukidhani ndiyo dawa zaidi. Kwa maneno 20 kwa dakika, nukta moja ni milisekunde 60 tu. Kapasita ya mikrofaradi 1 pamoja na rezista ya kilo-omu 10 iliyo ndani inachelewesha kwa takriban milisekunde 10, na nukta zako zitaharibika umbo. Pili, zungusha waya wa kitufe mara sita au nane kwenye pete ya feraiti, kisha ufupishe waya huo. Tatu, tazama antena. Waya mmoja uliofungwa mnazini bila waya wa pili wa kuusawazisha hutafuta njia ya kurudi, na njia ya karibu ni meza yako. Antena ya waya mbili kwa masafa ya 7.030 ina urefu wa mita 20.3 jumla, kama mita 10.15 kila upande. Minazi miwili iliyoachana vya kutosha inatosha.

Hatua ya sita: sasa fungua boksi

Kama redio inatuma hata kitufe kikiwa kimechomolewa, na tundu ni safi, ndipo tunaangalia transista ya swichi. Katika redio nyingi ndogo, transista hii hupokea volti 12 na kuzipeleka kwenye hatua ya mwisho pale tu unapobonyeza. Pima mguu wake wa kutokea. Bila kubonyeza, usome karibu 0. Ukibonyeza, usome karibu na 12. Ukipata 12 muda wote, transista imeungana ndani, au mguu wake wa kuongozea unavutwa ardhini mahali fulani. Ukipata 0 muda wote, imekatika, au rezista inayoileta amri haikushika lehemu. Kabla ya kuing'oa, yeyusha upya lehemu za sehemu hiyo. Lehemu iliyopoa vibaya, yenye rangi ya kijivu na mikunjo, huigiza ugonjwa wa transista vizuri sana.

Mwisho, omba mtu wa mbali kidogo akusikilize, au tumia redio ya pili. Ukisikia "tap" kali mwanzoni na mwishoni mwa kila nukta, alama zako zinapanda na kushuka ghafla mno, nazo zinamwagikia masafa ya jirani. Panafaa pawe na takriban milisekunde 5 za kupanda. Kagua kapasita na rezista za kulainisha, huenda moja imepasuka.

Kinga

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Weka redio kwenye kopo la plastiki lenye mfuniko pamoja na pakiti za kukausha unyevu. Ziba tundu kwa plagi tupu lisipotumika. Kila mwanzo wa kusi, fungua, osha kwa spiriti, kausha.

Na jambo moja kwa mafundi wenzangu wa Ukunda na Msambweni: kijana akikuletea chombo alichokiunda mwenyewe, mpime kwa mpangilio mbele yake, mwonyeshe namba kwenye mita, kisha ndipo umtajie bei. Ukimwambia "bodi imekufa" bila kupima, hujampotezea pesa tu. Umemfundisha kwamba kazi ya mikono yake haina maana. Na kwa vijana wenyewe: leseni kwanza, kutuma baadaye. Kusikiliza na kujifunza Morse unaweza kuanza leo usiku.