Kisagio cha Mkono na Biashara Ndogo ya Kahawa

Kahawa ni zao la biashara katika mikoa ya Kilimanjaro, Kagera, Ruvuma, Mbeya na Songwe kwa miaka mingi sasa. Hata hivyo, sehemu kubwa ya zao hilo husafirishwa nje ya nchi ikiwa bado buni mbichi. Kazi ya kuikaanga, kuisaga na kuifunga, pamoja na faida itokanayo na kazi hiyo, huwa ya watu wengine. Kijana amalizaye masomo ya sekondari aweza kuuliza: je, kazi hiyo haiwezi kuanzishwa hapa kwa mtaji mdogo? Yawezekana, na kifaa kimoja cha kuanzia ni kisagio cha mkono. Lakini mwenye kukinunua hana budi kwanza aelewe kifaa hicho hufanya nini hasa, na hesabu yake ikoje.

Kwa nini kahawa husagwa?

Ladha, harufu na kafeini zimo ndani ya buni iliyokaangwa. Maji ya moto hayana njia ya kuvitoa isipokuwa kupitia uso wa chembe. Hebu tuchukue mfano wa mchemraba wenye ubavu wa milimita 4. Una nyuso 6, na eneo lake lote ni milimita za mraba 96. Tukiukata tukapata michemraba midogo yenye ubavu wa milimita 1, tutapata 64, na jumla ya eneo la nyuso zake itakuwa milimita za mraba 384. Tukikata tena hadi nusu milimita, tutapata michemraba 512 yenye eneo la milimita za mraba 768, yaani mara 8 ya eneo la awali. Kiasi cha kahawa hakikubadilika hata kidogo. Kilichoongezeka ni mlango wa maji kuingilia.

Jambo la pili ni umbali. Molekuli zilizoyeyuka husafiri kutoka katikati ya chembe hadi nje kwa mtawanyiko, na muda unaohitajika hulingana na kipeo cha pili cha umbali. Umbali ukipunguzwa kwa nusu, muda hupungua hadi robo. Ndiyo sababu unga laini huiva upesi, na chembe kubwa huhitaji kulowekwa kwa muda mrefu.

Ulinganifu ni muhimu kuliko ulaini

Takriban asilimia 30 ya kahawa iliyokaangwa inaweza kuyeyuka majini, lakini si vizuri kuitoa yote. Wataalamu wengi hukubaliana kwamba kinywaji kizuri hupatikana inapotolewa asilimia 18 hadi 22 ya uzito wa kahawa. Asidi zenye uchachu huyeyuka mapema. Vitu vingi vyenye uchungu mkali hufuata baadaye. Basi ikiwa unga una chembe kubwa na ndogo kwa pamoja, vumbi litatoa uchungu kupita kiasi wakati ambapo chembe kubwa bado hazijatoa utamu wao. Kikombe kimoja huwa kichungu na kichachu papo hapo.

Hapa ndipo tuonapo tofauti kati ya kinu na kisagio. Katika kinu cha kutwanga, chembe iliyokwisha kuvunjika hubaki chini ya mchi, ikaendelea kupondwa, huku nyingine zikikwepa pembeni. Blenda ya umeme yenye visu ina kasoro iyo hiyo. Kisagio cha mkono hufanya kazi kwa namna nyingine. Ndani yake mna pete ya meno isiyozunguka na koni ya meno inayozungushwa na kishikio. Nafasi kati yao huwa pana juu na nyembamba chini. Buni huvunjwa hatua kwa hatua, na kila chembe huanguka nje mara iwapo ndogo ya kutosha kupita. Skurubu hukaza au kulegeza nafasi hiyo, na hivyo mwenye kisagio huamua ukubwa wa chembe. Kwa kahawa ya kuchemshwa kwenye dele, unga uwe laini. Kwa kitambaa cha kuchujia, uwe wa wastani. Kwa kulowekwa, uwe na chengachenga.

Kishikio nacho ni wenzo. Tuseme kina urefu wa sentimita 15 kutoka kwenye mhimili, na meno yako umbali wa sentimita 2. Kani ya nyutoni 20 mkononi itakuwa nyutoni 150 kwenye meno, tukiacha msuguano. Lakini mkono husafiri umbali mkubwa mara 7.5, na kwa hiyo nishati haikuongezeka. Jasho la msagaji ndilo linalolipa.

Hesabu ya mfanyabiashara

Buni mbichi huwa na maji yapatayo asilimia 10 hadi 12. Inapokaangwa, maji hayo hutoka pamoja na gesi, na uzito hupungua kwa asilimia 15 hadi 20 kwa kadiri ya weusi wake. Tufanye hesabu kwa bei za mfano tu. Mtu amenunua kilo 10 za buni kwa shilingi 10,000 kila kilo, jumla shilingi 100,000. Baada ya kukaanga amebakiwa na kilo 8.2, na baada ya kuchambua na kusaga, kilo 8. Kila kilo ya unga imemgharimu shilingi 12,500. Akiuza kwa shilingi 12,000 akidhani amepata faida ya shilingi 2,000, kumbe amepata hasara ya shilingi 500 kwa kila kilo, kabla hajahesabu mkaa, mifuko na nauli. Biashara inaweza kufa namna hiyo ilhali wateja wanaongezeka.

Nguvu kazi pia ipimwe. Ikiwa kisagio hutoa gramu 30 kwa dakika, kilo moja huchukua dakika 33 hivi, na kilo 5 karibu saa 3. Kwa hiyo kisagio cha mkono chafaa kwa mwanzo. Mauzo yakizidi kiasi hicho, mashine ya umeme yenye meno ya namna hiyo hiyo huanza kujilipa.

Kwa upande mwingine, mfanyabiashara mdogo ana faida moja asiyokuwa nayo mwenye kiwanda. Mara kahawa isagwapo, oksijeni na unyevu wa hewa huufikia uso ule mpana tuliouona, na harufu hupotea upesi kuliko katika buni nzima. Anayesaga mbele ya mteja humpa kahawa yenye harufu yake kamili, na mteja huona kwa macho kwamba haikuchanganywa na nafaka iliyounguzwa.

Kabla ya kuanza, ni lazima kuulizia leseni kwa Bodi ya Kahawa Tanzania na halmashauri ya mahali, na masharti ya ubora kwa Shirika la Viwango. Mizani ihakikiwe na Wakala wa Vipimo. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, SIDO, lililoundwa mwaka 1973, hutoa mafunzo kwa wanaoanza.

Jaribio la darasani

Twangeni gramu 20 za buni iliyokaangwa kwenye kinu, na sageni gramu 20 nyingine kwa kisagio. Chekecheni kila fungu kwa chekeche la matundu makubwa, kisha kwa chujio la chai. Pimeni uzito wa mafungu matatu yatakayopatikana kila upande, na mchore grafu. Kisha tieni gramu 9 za kila aina katika mililita 150 za maji ya moto, ngojeni dakika 4, chujeni, na mlinganishe rangi na ladha. Ni matumaini ya mwandishi kwamba wanafunzi watarudia pia hesabu ya gharama kwa bei halisi za soko lililo karibu nao, na kuona kama biashara hiyo ingesimama.