Kukata tiketi, kukata rufaa, kukata kiu

Ukishuka kwenye pantoni ya Kigamboni jijini Dar es Salaam, ukaishika barabara ya Samora, ukapita Mnazi Mmoja na kutokezea Msimbazi, utasikia kitenzi kimoja njia nzima, kila mahali kikifanya kazi tofauti. Kivukoni kuna foleni ya watu wanaokata tiketi. Nje ya Mahakama Kuu wakili anamhimiza mteja wake akate rufaa kabla muda haujapita. Ofisini mtu analalamika kwamba mshahara wake umekatwa, na barabarani kondakta anamwambia dereva akate kona. Kariakoo muuza vitambaa anauliza akate mita ngapi, na pembeni yake kijana anafoka kwa sababu mwenzake kamkatia simu. Jioni, kila mmoja kwa namna yake, watakata kiu.

Jaribu kuweka kitenzi kingine badala ya hicho uone. Kukata tiketi ni kununua, kukata rufaa ni kuwasilisha, kukata mshahara ni kupunguza, kukata kona ni kugeuka, na kukata simu ni kusitisha. Kukata shauri ni kuamua, na kukata jina ni kuondoa. Neno la silabi mbili linabeba mzigo wa vitenzi saba, na msemaji wa Kiswahili hababaiki hata kidogo. Wanaisimu huita hali hii polisemia, yaani neno moja kuwa na maana nyingi zenye undugu. Sasa, undugu wa maana hizi uko wapi?

Kabla ya kuutafuta, tuwaondoe kwanza wasio ndugu. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1981, huliingiza neno hili zaidi ya mara moja. Kuna kata ya kuchotea maji, ile ya kifuu cha nazi. Kuna kata ya kichwani, kitambaa au majani yaliyoviringwa ili mzigo ukae vizuri, ambayo wengi huiita ngata. Hiyo ya kichwani ni nomino kongwe ya Kibantu. Wazulu wana inkatha, na ndiyo iliyokipa jina chama cha Inkatha kilichoundwa Afrika Kusini mwaka 1975. Maneno haya yamegongana kwa sauti tu, na mgongano huo huitwa homonimia.

Kihusishi “katika” nacho kinatoka upande wa “kati”, ingawa mtu anaweza kusema umeme umekatika katika mtaa mzima bila kuona ajabu yoyote. Mkataba, katiba na katibu ni wageni kutoka mzizi wa Kiarabu unaohusu kuandika. Na wale wanaodhani tumelikopa neno hili kwa Waingereza kwa kuwa wao husema “cut” wamedanganywa na sikio. Wanyarwanda na Warundi nao husema “gukata”, na neno la Kiingereza lenyewe linaanza kuonekana katika maandishi yao karne ya 13 kuelekea ya 14, tena asili yake haijulikani vizuri. Huko nako sauti zimekutana njiani tu.

Turudi kwa ndugu halisi. Maana ya msingi iko dukani, Mtaa wa Uhuru, ambako kanga huuzwa kwa doti. Doti ni vipande viwili vilivyoungana, na mnunuzi huvitenganisha kwa mkasi kabla ya kupinda. Kabla ya mkasi kulikuwa na kitu kimoja kilichoendelea, na baada yake kuna ukingo. Hapo ndipo penye kiini. Kukata ni kuweka mpaka ndani ya kitu ambacho kingeendelea.

Ukilishika hilo, maana nyingi zinajipanga zenyewe. Mazungumzo ya simu ni mfululizo, kwa hiyo hukatwa. Umeme na maji hutiririka, kwa hiyo hukatwa. Kiu ingeendelea, tamaa ingeendelea, pumzi ingeendelea, na anayekata roho amefika kwenye ukingo wa yote. Aliyekuwa akikutembelea kila wiki, akiacha kuja, amekata mguu. Barabara nayo ni mfululizo, na dereva anayekata kona anauvunja mstari wake ulionyooka. Hata shauri ni hivyohivyo. Watu wakikaa kujadiliana, maneno hayana mwisho mpaka mmoja aseme yatosha, tufanye hivi. Warumi wa kale waliliona jambo hilo kwa jicho hilohilo, kwani neno lao la kuamua, “decidere”, limejengwa juu ya kitenzi cha kukata.

Kukata mshahara ni kuweka mpaka kati ya kilicho chako na kilicho cha mwingine. Kila aliyesoma kwa mkopo wa serikali anaujua mpaka huo vizuri, kwa sababu tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2016 mwajiri humkata asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Kwenye vibanda vya mawakala wa pesa za simu, kitenzi hicho kimezaa nomino inayotajwa kutwa nzima: makato. Ndiyo maana mtu wa Dar akiombwa fedha huulizwa kama ametuma na ya kutolea.

Siasa nayo ina mfano wake. Julai 2015 CCM ilipochuja watia nia wa urais waliozidi 30 mjini Dodoma, jina la Edward Lowassa halikuingia kwenye tano bora. Mtaani hakuna aliyesema ameenguliwa. Walisema amekatwa, na kila mtu akaelewa kwamba mpaka umewekwa kwenye orodha na yeye amebaki upande wa nje.

Sasa tuje penye ubishi. Simu ikikatwa, mambo yamekwisha. Tiketi ikikatwa, mambo ndiyo yanaanza. Leseni ikikatwa duka linafunguliwa, bima ikikatwa gari linaingia barabarani, na utepe ukikatwa jengo linazinduliwa. Kitenzi kimoja kinawezaje kufunga na kufungua?

Jibu la kwanza linatokana na karatasi. Ofisi za zamani za Posta na Kivukoni ziliendeshwa kwa vitabu vya stakabadhi. Karani aliandika, akachana kipande cha mteja, na kingine kikabaki kitabuni kama ushahidi. Tiketi, leseni na risiti zote zilikuwa vipande vilivyotoka kwenye kitabu kizima. Mkono ulikata kwelikweli. Jibu la pili ni pana zaidi. Mpaka una pande mbili, na kitenzi hiki hakijali umesimama upande gani. Aliyekata simu anatazama nyuma, aliyekata tiketi anatazama mbele. Mimi naiona rufaa kwa njia hiyo pia. Hukumu imetoka na ingeendelea hadi kutekelezwa, lakini mshindwa anaiwekea ukingo na kuanza hatua mpya mbele ya majaji wengine. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama, msemo huu umepata uzito rasmi kuliko wakati wowote.

Sarufi nayo inatusaidia kuona nani ameshika mkasi. Umeme ukikatika, hakuna wa kulaumiwa moja kwa moja, na mwenye nyumba husubiri. Umeme ukikatwa, kuna deni. Herufi chache zinatenganisha hitilafu na aibu. Ukisema simu imekatika umemsamehe mwenzako, lakini ukisema amenikatia simu umemshtaki, kwa sababu kile kiambishi cha kutendea kinaonyesha nani ameumizwa. Mazungumzo hukatizwa na anayeingilia, na anayekataa bila kuacha mwanya amekataa katakata. Bora kuliko yote ni tiketi. Aliyechana karatasi ni karani, lakini leo anayekata tiketi ni abiria, na karani anaitwa mkatisha tiketi. Kitendo kimehamia kwa mnunuzi, na mwenye kitabu amebaki kuwa msababishaji tu.

Hata hivyo kanuni ya mpaka haitoi ruhusa ya kukata kila kitu. Urafiki, ndoa na mkataba vyote huendelea na vyote huweza kukoma, lakini hatuvikati, tunavivunja. Kazi tunaiacha. Kukata huacha ukingo ulionyooka, kana kwamba pande zote zinajua mpaka uko wapi, ilhali kuvunja huacha vipande na lawama. Mazoea nayo yana sauti yake, na hakuna mantiki inayoweza kumfundisha mgeni kwamba rufaa hukatwa ilhali kesi hufunguliwa. Hayo mtu hujifunza kwa jozi, kitenzi pamoja na nomino yake.

Jozi mpya zinazaliwa kila siku, na vijana wa Kariakoo ndio wakunga wake. Suruali iliyoshushwa chini ya kiuno iliitwa kata K. Anayeharibu furaha ya wenzake anakata stimu, anayemnyamazisha mwenye majigambo amemkata ngebe, na anayecheza vizuri kwenye ngoma anakata kiuno. Wazee wanaweza kukunja uso, lakini stimu na ngebe zimepita njia ileile iliyopitwa na kiu na tamaa: kitu kilikuwa kikiendelea, kikawekewa ukingo. Kiuno ni kigumu zaidi kukieleza, kwani hakikomi wala hakitengwi. Labda ni zile kona zake zinazofanana na za dereva.

Uthabiti wa neno hili unaonekana vizuri kwenye treni ya SGR, ambayo safari zake kati ya Dar es Salaam na Dodoma zilizinduliwa rasmi Agosti 2024. Abiria anaweza kulipia akiwa kitandani, kwa simu, bila kitabu wala karani, na bado atakwambia ameshakata tiketi. Karatasi imeondoka, mpaka umebaki: jana hakuwa na haki ya kiti, leo anayo.

Kwa walimu na watunga kamusi, funzo lake ni la kikazi. Kumpa mwanafunzi orodha ya maana 15 za kitenzi hiki ni kumchosha bure, maana atakariri na kusahau. Mpe wazo moja la mpaka, kisha mpe jozi zake akiwa mahali zinapotumika: rufaa mahakamani, makato kwa wakala, doti dukani. Na akikutana na jozi asiyoijua, awe na swali moja tu la kuuliza: ni kitu gani hapa kilichokuwa kinaendelea?