Kupika kwa umeme Kabwe: kinachotia hasara ni birika

Maharage ya Ufipa hushuka hadi Kabwe, wilayani Nkasi, na migebuka hupanda kwenda Sumbawanga. Katikati yupo mama lishe wa bandarini, ambaye mkaa humlia faida kila siku. Akiulizia jiko la presha la umeme, huambiwa litamaliza uniti. Hofu hiyo ina msingi, ila imeelekezwa kwenye kifaa kisichostahili.

Uniti moja ni wati 1,000 zikitumika kwa saa moja. Jiko la koili la wati 1,000 likichemsha maharage kwa saa mbili linameza uniti mbili. Jiko la presha la wati hizohizo huwaka mfululizo mpaka presha ijae, kisha hujizima na kuwaka kidogokidogo. Maharage yaliyolowekwa huiva kwa takribani nusu uniti. Sumbawanga nafuu ni kubwa zaidi, kwa kuwa kule juu maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, wakati Kabwe ziwani ni 97, na sufuria ya kawaida huchelewa kuivisha.

Bei za TANESCO zilizopangwa mwaka 2016 zina madaraja. Mteja wa nyumbani asiyezidi uniti 75 kwa mwezi hulipa Sh 100 kwa uniti, na kwa kodi na tozo inakuwa Sh 122. Kila uniti inayozidi hapo ni Sh 350, yaani Sh 427. Meta ya biashara ndogo ni Sh 292, ambayo hufikia Sh 356.

Chukua mama lishe anayepikia nyumbani sufuria mbili za maharage kwa siku: uniti 30 kwa mwezi. Friji ndogo iongeze 30 nyingine. Jumla Sh 7,320, bado yumo. Sasa aweke birika la umeme la kuchemshia lita kumi za chai kila siku. Uniti moja huchemsha lita tisa hivi, na birika halina ujanja wa kupunguza hilo, hata likiwa la bei kali. Uniti 33 zinaongezeka, jumla 93, na malipo yanapanda hadi Sh 16,836. Akizoea kuvuka 75 huhamishiwa daraja la juu, na uniti hizohizo 93 zitamgharimu Sh 33,108.

Kwenye meta ya biashara hakuna punguzo la kupoteza. Hapo sufuria ya maharage ni Sh 178, na lita kumi za chai zinakaribia Sh 400. Mwenye kibanda alinganishe na mkaa anaonunua kwa kazi hizo mbili, kila moja peke yake. Kwa wengi, jiko la mkaa lililokwisha kuwashwa kwa ajili ya samaki linaweza kuchemsha chai pembeni bila kuongezewa mkaa mwingi, na maharage yakabaki kwenye umeme.