Mvulana wa Rupia Tatu

Hii si ya paukwa-pakawa, wanangu. Ilitokea kweli, kusini mwa India, mwaka 1896.

Katika mji wa Madurai alikuwako mvulana wa miaka 16, Venkataraman, akiishi kwa ami yake. Siku moja, mzima kabisa, hofu ya kufa ikamvaa. Hakumwita mtu. Alijinyoosha kama maiti, akafumba mdomo kiki, akajiuliza: mwili huu ukichomwa, nami nitakuwa nimekwisha?

Tangu hapo masomo hayakumwingia. Wiki chache baadaye kaka yake alimwambia achukue rupia 5 sandukuni, amlipie ada ya chuo. Akachukua 3, akaacha barua: ada haijalipwa, rupia 2 hizi hapa. Sijasikia mtoro mwaminifu kama huyo. (Nanyi msimwige, mama yake aliteseka.)

Alikuwa anakwenda Tiruvannamalai, lakini nauli haikumfikisha. Akashuka kwenye treni, akatembea, akaweka rehani vipuli vyake vya dhahabu kwa rupia 4. Septemba mosi akafika mjini humo, chini ya mlima Arunachala, na hakuondoka tena mpaka alipofariki mwaka 1950. Alikaa hekaluni kimya. Watoto watukutu walipomrushia mawe, akahamia chumba cha chini ya ardhi. Huko wadudu wakamtafuna mapaja. Mama alipokuja kumsihi arudi, alimjibu kwa maandishi tu. Miaka ikapita, mama naye akahamia mlimani, na mwanawe akamuuguza hadi pumzi ya mwisho.

Watu wakamwita Ramana Maharshi. Ninyi mkisikia yoga mnawaza kukunja viungo. Yake ilikuwa swali moja: mimi ni nani? Wageni walitoka hadi Ulaya kuja kuketi mbele yake. Naye alfajiri yuko jikoni anakata mboga, na chakula kikigawiwa alikataa kupewa zaidi ya wengine.

Kitamil, lugha ya huko, humtaja mnyama kama kitu. Maharshi hakusema hivyo; aliwataja kima, tausi na mbwa kama watu, vile nasi tusemavyo "ng'ombe amekuja". Na ng'ombe alikuwapo, Lakshmi, aliyezoea kuingia ukumbini alimoketi Maharshi na kumwinamishia kichwa miguuni. Alipokufa mwaka 1948, Maharshi alikaa chini kando yake, akakishika kichwa chake. Kaburi la Lakshmi lipo palepale, na ubeti wa kaburini Maharshi aliutunga mwenyewe.