Kusimama, Kuimba na Kuheshimu: Vitenzi Vitatu Mbele ya Wimbo wa Taifa

Katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, mtoto aliyelelewa kwa Kikuria, Kingoreme au Kiikoma huimba wimbo wa taifa shuleni kwa Kiswahili. Ng'ambo ya mpaka wa Sirari, Wakuria wa Kenya nao husimama kwa wimbo mwingine wa Kiswahili. Nyimbo zote mbili ni dua, kama majina yake yashuhudiavyo: Mungu Ibariki Afrika, wenye asili katika wimbo wa Enoch Sontonga wa mwaka 1897, na Ee Mungu Nguvu Yetu, uliotungwa kwa lahani ya bembelezi ya Wapokomo. Basi asimamaye husimama mbele ya maombi, wala si mbele ya bendera peke yake.

Yafaa jambo hili likumbukwe inapotazamwa mizozo ya wanamichezo wa Marekani. Mwaka 1996 ligi ya mpira wa kikapu, NBA, ilimsimamisha Mahmoud Abdul-Rauf kwa kuwa hakukubali kusimama wakati wa wimbo. Kiswahili chafichua kinyume kilichomo: asiyesimama husimamishwa, na shina la vitenzi vyote viwili ni moja. Suluhu ilipatikana aliporidhia kusimama huku akiomba dua yake kimyakimya.

Mwaka 2016 Colin Kaepernick, mchezaji wa ligi ya mpira wa Kimarekani, NFL, aliketi wakati wa wimbo ili kupinga dhuluma dhidi ya watu weusi. Baada ya kushauriana na Nate Boyer, aliyekuwa askari, aliacha kuketi akapiga goti, ili asionekane kuwadharau wanajeshi. Kwa Kiswahili, kumpigia mtu magoti ni kumnyenyekea na kumsihi. Wala haiwi dharau. Hata hivyo, tangu msimu huo ulipokwisha hakucheza tena katika ligi hiyo. Mei 2018 NFL iliamuru kila aliye uwanjani asimame, na asiyetaka abaki chumbani. Utekelezaji ukasitishwa Julai, baada ya chama cha wachezaji kulalamika.

Tanzania nayo ilikabiliwa na swali lililo jirani na hilo, ingawa lilizuka shuleni. Wanafunzi wa Mashahidi wa Yehova waliadhibiwa, wengine kwa kufukuzwa, kwa sababu hawakuimba wimbo wa taifa. Mahakama Kuu iliwakatalia madai yao, lakini mwaka 2013 Mahakama ya Rufani iliwapa haki.

Hapa ndipo ilipo tofauti ya vitenzi. Kusimama ni tendo la mwili, na kuimba ni tendo la sauti. Yote mawili huonekana au husikika, na yaweza kuamriwa. Kuheshimu ni tendo la nia. Kanuni iamuruyo mojawapo ya yale mawili hupata magoti yaliyonyoka au midomo ifumbukayo. Haiwezi kwa hayo kudai kwamba imeipata heshima yenyewe, wala kwamba aliyenyamaza ameikosa.