Sababu, Udhuru na Kisingizio: Lugha ya Kushindwa katika Soka la Tanzania

1.0 Utangulizi

Kitenzi -shindwa kina maana mbili ambazo wasemaji wa Kiswahili, katika mazungumzo ya kawaida, hawaoni haja ya kuzitenga. Maana ya kwanza ni kuzidiwa na mshindani. Ya pili ni kukosa uwezo wa kutenda jambo. Kwa hiyo timu iliyoshindwa ni timu iliyozidiwa, na papo hapo ni timu isiyoweza. Yamkini ndiyo maana mshabiki hupendelea kusema kuwa timu yake “imefungwa”. Kitenzi hiki nacho ni cha kutendwa, lakini kinamdai mfungaji aliye nje na idadi inayohesabika: imefungwa moja, imefungwa mawili. Aibu inabaki ya siku ile, haigeuki kuwa tabia.

Makala hii inakusudia kuchunguza lugha itumikayo baada ya kufungwa: namna lawama inavyokwepwa, namna mzaha unavyoirudisha kwa mwenyewe, na yanayotokea lugha hiyohiyo inapotoka uwanjani na kuingia katika ofisi za umma.

2.0 Maneno matatu

Sababu ni neno lisiloegemea upande. Huweza kuwa ya kweli au ya uongo. Udhuru una hadhi zaidi. Katika kumbukumbu za vikao huwekwa orodha ya wajumbe waliotoa udhuru, kando na ile ya wasiohudhuria, wala aliyeandikwa humo haoni haya, kwani jamii imekwisha kumkubalia. Kisingizio ni neno la namna nyingine kabisa. Hapana asemaye “kisingizio changu ni hiki”. Msemaji hutoa sababu. Msikilizaji ndiye aiitaye kisingizio. Neno hili, basi, ni hukumu ya anayesikia, si jina la kile kinachosemwa.

Mwanafalsafa J.L. Austin, katika hotuba yake ya mwaka 1956 juu ya kujitetea, alitofautisha njia mbili. Mtu aweza kukiri kwamba ametenda ila akakana kuwa tendo lilikuwa baya. Au aweza kukubali kuwa tendo ni baya ila akakana kuwa lawama yote ni yake. Kiswahili kinaongeza mtu wa tatu. Kusingizia ni kumbebesha mwingine jambo asilolitenda, na kila kisingizio kina msingiziwa wake. Katika soka wasingiziwa wanajulikana: uwanja, mvua, safari, bahati, refa. Ikumbukwe kwamba wanne wa mwanzo hawana kinywa, na wa tano hana desturi ya kujibu hadharani.

Methali zimeliona jambo hili zamani. Mchagua jembe si mkulima, na asiyekubali kushindwa si mshindani. Lakini hii ya pili ina matumizi ya ajabu katika vijiwe vya mpira: hutamkwa na aliyefungwa mwenyewe, kwa upole mwingi, kisha hufuatwa na neno “lakini”, kisha na jina la refa.

Kuna pia usemi “kutafuta mchawi”. Asili yake ni msibani, pale ndugu wanapokataa kwamba kifo kimekuja chenyewe. Viongozi wa vilabu huutumia kwa kukanusha: tusitafute mchawi. Aghalabu kauli hiyo huonyesha kuwa msako umekwisha kuanza. Tarehe 5 Novemba 2023 Simba ilifungwa na Yanga mabao 5-1; siku mbili baadaye klabu ilikuwa imeachana na mwalimu wake.

3.0 Sarufi ya mtendaji asiyekuwapo

Kauli za baada ya mchezo zina umbo linalojirudia. Nafasi zilipotea. Mpira ulikataa kuingia. Makosa yalifanyika. Katika sentensi hizi viambishi vya nafsi, tu- na ni-, vimetoweka, na mahali pake pameshikwa na viambishi vya ngeli za vitu: zi-, u-, ya-. Mfano wa tatu unastahili kutazamwa kwa makini zaidi. Mtu akisema “makosa yalifanywa”, sarufi inamruhusu msikilizaji kuuliza yalifanywa na nani, na jibu laweza kuongezwa palepale: na beki wa kulia. Akisema “yalifanyika”, mlango umefungwa, kwa kuwa kauli ya kutendeka haimpokei mtendaji kwa kiunganishi na. “Makosa yalifanyika na beki” si Kiswahili sanifu. Msemaji hakusema uongo wowote. Amechagua tu mnyambuliko usio na nafasi ya mtu.

Hufuata ahadi: mwalimu ameyaona makosa na atayafanyia kazi. Ikishindikana hata hiyo, husemwa kuwa mpira una matokeo matatu, kauli ambayo haipingiki kwa kuwa haisemi lolote.

4.0 Mtani

Hapa ndipo utani unapoingia. Utani wa makabila, kama ule wa Wangoni au wa Wanyamwezi na watani wao, umechunguzwa na wanaanthropolojia wengi. Radcliffe-Brown, katika makala yake ya mwaka 1940, aliuelezea uhusiano wa aina hii kuwa ni mchanganyiko wa urafiki na uadui, ambamo mmoja ana ruhusa ya kumdhihaki mwenziwe naye hana ruhusa ya kukasirika. Mahali ambapo ruhusa hiyo huonekana wazi ni msibani. Mtani huweza kumwiga marehemu, kuzitaja kasoro zake, kudai chakula kabla ya wafiwa. Naye huyohuyo hushika jembe na kusaidia mazishi.

Yanga, iliyoanzishwa mwaka 1935, na Simba, iliyoanzishwa mwaka 1936, huitwa watani wa jadi, na jina hili si la mapambo. Siku ya kufungwa ni siku ya msiba, na mtani hutenda kazi yake. Mshabiki wa Simba humwita mwenziwe chura, kwa sababu ya mafuriko ya bonde la Jangwani lilipo jengo la klabu ya Yanga. Lakini silaha kubwa ya mtani si majina, ni hesabu. Mabao 6-0 ambayo Simba iliifunga Yanga tarehe 19 Julai 1977 yaliendelea kutajwa na watu ambao walikuwa hawajazaliwa siku hiyo. Sita ni sita. Tarakimu haina kauli ya kutendeka.

Mtani, hata hivyo, si hakimu, wala hashughulikii ukweli wa sababu. Mwaka 1993 Simba ilifika fainali ya Kombe la CAF, ikatoka sare ya 0-0 na Stella ya Abidjan ugenini, kisha ikafungwa 2-0 Dar es Salaam. Safari, hali ya hewa na uwanja vilikuwa vyote upande wake. Ghala la visingizio lilikuwa tupu. Mwaka 2023, katika fainali ya Kombe la Shirikisho, Yanga ilifungwa 2-1 na USM Alger nyumbani, ikashinda 1-0 Algiers, na kombe likapotea kwa kanuni ya bao la ugenini. Hii ilikuwa sababu, tena ya kweli, iliyoandikwa katika kanuni. Mbele ya mtani sababu hii na ukosefu ule wa sababu vilipokewa kwa kicheko kilekile.

Kinachoufanya mzaha huu uvumilike ni zamu. Anayecheka leo anajua kuwa atachekwa, na anayechekwa anaweka akiba ya maneno.

5.0 Kichwa cha mwendawazimu

Timu ya taifa haina mtani, maana wote ni wafiwa. Taifa Stars ilicheza fainali za Afrika mjini Lagos mwaka 1980, na haikurudi katika fainali hizo hadi mwaka 2019 nchini Misri. Katikati ya miaka hiyo 39 ilizuka kauli inayohusishwa na Rais Ali Hassan Mwinyi, kwamba timu imekuwa kichwa cha mwendawazimu, ambacho kila ajifunzaye kunyoa hukifanyia majaribio. Kauli hii imedumu kuliko taarifa zote za kitaalamu zilizoandikwa juu ya soka la nchi.

Nguvu yake haikutokana na ucheshi peke yake. Mkuu wa nchi alijitwalia nafasi ya mtani iliyokuwa wazi, akacheka msiba wake mwenyewe. Hata hivyo, sitiari hii inaficha jambo. Vinyozi wanaonekana, wembe unaonekana, kichwa kinaonekana. Wasioonekana ni jamaa wa mwendawazimu, waliopaswa kumtunza. Kicheko kilipunguza uchungu, nao wenye dhamana ya mpira wakacheka pamoja na wengine.

6.0 Kutoka uwanjani hadi ofisini

Mnyambuliko wa -ik- una ndugu zake katika lugha ya utawala. Mchakato unaendelea, suala linafanyiwa kazi, kazi imekwama kutokana na ufinyu wa bajeti. Tatizo, ambalo humtaka mtu alitatue, limepewa jina la changamoto, ambayo yatosha kuikabili.

Mgao wa umeme wa mwaka 2006 ni mfano mzuri. Wananchi walielezwa kuwa kulikuwa na ukame na kwamba maji ya bwawa la Mtera yamepungua. Maelezo hayo yalikuwa ya kweli: mvua zilikuwa haba, na nchi ilitegemea mno umeme wa maji. Mgao uliporudi katika miaka iliyofuata, maelezo ya namna hiyo yalirudi nayo. Kwa kila marudio yalisogea kutoka sababu kuelekea kisingizio, ijapokuwa hakuna neno lililobadilika ndani yake. Kilichobadilika ni msikilizaji.

Wananchi hawakunyamaza. Walitania ndani ya daladala na vijiweni, na wachoraji wa vibonzo, kama Masoud Kipanya, walifanya kazi ambayo mtani angeifanya. Ila utani huu hauna zamu. Mshabiki aliyefungwa Jumapili hana budi kufika kazini Jumatatu, na mtani wake amekwisha kufika kabla yake, mkono juu, vidole vitano. Aliyetangaza kuwa suala linafanyiwa kazi hasubiriwi na mtu mlangoni.