Kupanda Daraja Si Kufika

Katika msimu wa 2024/25 wananchi wa mkoa wetu waliushuhudia mpira wa Ligi Kuu ya Tanzania Bara karibu na milango yao, pale klabu ya Fountain Gate ilipoufanya uwanja wa Tanzanite Kwaraa mjini Babati kuwa nyumbani kwake. Mpenzi wa kandanda wa Katesh aliweza kupanda basi asubuhi, akatazama mchezo alasiri na kulala kwake usiku. Yule wa Mbulu aliweza kuushuka mteremko wa Magara kwa shughuli hiyo hiyo. Hapana shaka kwamba jambo la namna hiyo huamsha hamu. Ni haki ya wananchi wa Mbulu na Hanang kujiuliza: je, na sisi hatuwezi kuwa na timu yetu wenyewe katika ligi hiyo?

Sisi tunaiunga mkono hamu hiyo. Lakini kabla bakuli la michango halijaanza kupitishwa minadani na makanisani, tunapenda kuwakumbusha wasomaji wetu habari ya timu mbili zilizopanda daraja pamoja mwaka 2022. Habari hiyo inatuhusu moja kwa moja, kwa kuwa Fountain Gate iliyokuja Babati ilitokana na mojawapo ya timu hizo.

Timu ya kwanza ilikuwa DTB, iliyoanzishwa kama timu ya benki. Ilipopanda ilihamia Singida, ikabadili jina na kuitwa Singida Big Stars. Ilimwajiri Hans van der Pluijm, Mholanzi aliyekwisha kuifundisha Yanga, na baadaye Singida United. Ilisajili wachezaji wenye majina makubwa, akiwamo mfungaji Meddie Kagere na mlinzi Pascal Wawa waliotoka Simba. Matokeo yalionekana upesi. Mwezi Januari 2023 timu hiyo ilifika fainali ya Kombe la Mapinduzi huko Zanzibar, ikafungwa na Mlandege mabao 2-1. Ligi ilipomalizika ilikuwa ya nne, nyuma ya Yanga, Simba na Azam, na hivyo kupata nafasi ya kucheza Kombe la Shirikisho la Afrika. Kwa timu ngeni katika ligi, huo ulikuwa msimu wa kupigiwa mfano.

Timu ya pili ilikuwa Ihefu ya Ubaruku, wilayani Mbarali, katika nchi ya wakulima wa mpunga. Hii haikuwa ngeni kabisa, maana ilikwisha kupanda mwaka 2020 na kushuka mwaka uliofuata. Safari hii ilirudi na nguvu mpya. Tarehe 29 Novemba 2022, katika uwanja wake wa Highland Estates, iliifunga Yanga mabao 2-1 na kuukomesha mfululizo wa michezo 49 ya ligi ambayo klabu hiyo kongwe ilikuwa imecheza bila kushindwa. Siku hiyo jina la Ubaruku lilitajwa nchi nzima, hata na watu ambao hawakujua kijiji hicho kiko upande gani.

Sasa tuyatazame yaliyofuata. Mwaka 2023 Singida Big Stars iliunganishwa na Fountain Gate, ikawa Singida Fountain Gate. Mwaka 2024 neno Singida likaondolewa, na timu ikaja Babati. Mwaka huo huo Ihefu ikahamishiwa Singida, ikapewa jina la Singida Black Stars. Hivyo basi, katika muda wa miaka miwili tu tangu kupanda, hakuna hata moja kati ya timu hizo mbili iliyobaki na jina lake, wala na makazi yake ya mwanzo. Mkulima wa Mbarali aliyeiona timu yake ikiiangusha Yanga hakushushwa daraja uwanjani. Timu iliendelea kucheza Ligi Kuu. Yeye ndiye aliyebaki bila timu.

Hatusemi kwamba sheria imevunjwa. Mwenye mali ana haki ya kuihamisha mali yake. Tunalosema ni kwamba mwananchi anayeshangilia jukwaani na kulipa kiingilio apaswa kujua kama ni mwenye timu au ni mgeni wake. Babati nayo isilisahau jambo hilo. Msimu ule wa kwanza wa Fountain Gate katika mkoa wetu uliishia kwenye michezo ya mchujo ya mwezi Julai 2025, ambako timu ilinusurika kwa kuishinda Stand United ya Shinyanga.

Kwa nini basi timu huuzwa, hubadilishwa majina au huhamishwa? Jibu limo katika gharama. Ligi yenye timu 16 ina michezo 30, na nusu yake ni ya ugenini. Timu iliyotokea Babati katika msimu ule ilikuwa na safari za kwenda Bukoba, Kigoma, Mbeya na Ruangwa, pamoja na Dar es Salaam mara kadhaa. Wachezaji wasiopungua ishirini, makocha na daktari wanasafiri, wanakula, wanalala na kudai mishahara. Kiingilio cha mlangoni hakiwezi kuubeba mzigo huo peke yake, isipokuwa pengine siku ya Simba au Yanga. Hapo ndipo anapotakiwa mfadhili; na mfadhili akiisha kuwa ndiye nguzo pekee ya nyumba, siku akiondoka nyumba huanguka.

Mfano wa Agosti 2023 unatosha kuonyesha jinsi kupanda bila matayarisho kulivyo. Kitayosce, ambayo baadaye iliitwa Tabora United, iliuanza msimu wake wa kwanza dhidi ya Azam ikiwa na wachezaji 8 tu uwanjani, kwa sababu usajili wa wengine haukuwa umekamilika. Ilifungwa mabao 4-0, na mchezo ukavunjika kipindi cha kwanza baada ya idadi ya wachezaji wake kupungua zaidi. Timu hiyo ilijikongoja hata mwisho wa msimu na kunusurika kwa michezo ya mchujo. KenGold ya Chunya, iliyopanda mwaka 2024, haikupata bahati hiyo. Ilikaa Ligi Kuu msimu mmoja, ikarudi ilikotoka.

Wala jambo hili si la wanyonge wa Afrika peke yao. Uingereza, ambako fedha za televisheni ni nyingi kupita kiasi, timu zote tatu zilizopanda mwaka 2023, yaani Burnley, Sheffield United na Luton Town, zilishuka baada ya msimu mmoja. Mwaka uliofuata walipanda Leicester City, Ipswich Town na Southampton. Nao wote watatu walishuka mwaka 2025.

Kwa upande mwingine, historia haituambii tukate tamaa. Nottingham Forest ilipanda mwaka 1977 na kuwa bingwa wa Uingereza mwaka 1978. Sisi wenyewe tunao mfano wetu. Mwaka 1986 Tukuyu Stars ya wilaya ya Rungwe ilichukua ubingwa wa nchi yetu katika msimu wake wa kwanza baada ya kupanda. Tukuyu ni mji mdogo wa wilaya, wa milimani, wenye baridi, mvua na wakulima, usiopita kwa lolote miji yetu ya Mbulu na Katesh. Ubingwa huo haukurudi tena Tukuyu. Hata hivyo, karibu miaka arobaini baadaye watu wa Rungwe bado wanasema "timu yetu", maana jina la timu ni jina la mji wao.

Wananchi wa Hanang hawahitaji kwenda mbali kulielewa somo hili. Wanayakumbuka mashamba ya ngano ya Basotu. Katika miaka ya 1970 na 1980 shirika la umma la NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lililima maelfu ya ekari kwa matrekta makubwa na mashine za kuvunia. Ngano ilipatikana kwa wingi, na wageni wengi waliletwa kuitazama. Lakini mashine, vipuri na maarifa vilitoka ng'ambo, na wafugaji wa Kibarbaig walinyang'anywa malisho yao bila kufanywa washirika wa kazi ile. Msaada ulipokoma katika miaka ya 1990, mashamba yale yalidhoofu. Lililoletwa likiwa limekamilika, bila mzizi katika watu wa mahali pale, halikuweza kusimama lenyewe. Timu ya mpira iliyoletwa kwa namna hiyo itakuwa na mwisho wa namna hiyo.

Tufanye nini basi? Kwanza, ngazi ianzie chini. Kutoka ligi ya wilaya, timu hupita ligi ya mkoa, mabingwa wa mikoa, First League na Championship kabla ya kuifikia Ligi Kuu. Hiyo ni kazi ya miaka, na miaka hiyo ni ya kujifunza, si ya kupotezwa. Ligi za wilaya za Mbulu na Hanang zichezwe kila mwaka kwa ratiba inayojulikana, Haydom, Dongobesh, Endasak na Basotu zikiwamo. Vijana wanaoonekana katika UMITASHUMTA na UMISSETA wasiachwe wapotee mara wamalizapo shule.

Pili, viwanja. Kila tarafa iwe na kiwanja kimoja kilichosawazishwa, ambacho hakitamegwa kwa ajili ya vibanda vya biashara. Tatu, na hili ndilo kubwa, timu iwe na wanachama wenye kadi, katiba iliyosajiliwa na vitabu vya hesabu vinavyosomwa hadharani. Katiba hiyo itamke wazi kwamba jina la timu na makao yake havibadilishwi bila kura ya wanachama. Mfadhili akaribishwe kwa heshima zote, aingie kwa mkataba wa maandishi, lakini ufunguo wa nyumba ubaki kwa wenye nyumba. Halmashauri nazo zisishawishike kumwaga fedha za wananchi katika timu ambayo kesho yaweza kupakiwa kwenye basi na kupelekwa mkoa mwingine.

Wapo watakaosema njia hii ni ya polepole mno. Tunawajibu kwamba wilaya hizi zinaufahamu mwendo mrefu kuliko wengi. Mbulu ndiko alikotoka John Stephen Akhwari, ambaye mwaka 1968 huko Mexico alianguka na kuumia katika mbio za marathoni, akaendelea, akafika zaidi ya saa moja baada ya mshindi. Hanang ndiko alikotoka Gidamis Shahanga, bingwa wa marathoni wa Jumuiya ya Madola mwaka 1978. Wanariadha hao hawakununuliwa mahali wakaletwa huku. Walilelewa na milima hii, nao walipokwenda ng'ambo walikwenda na jina la kwao.

Kwa hiyo tunawaambia wananchi wa Mbulu na Hanang: itakeni Ligi Kuu, lakini msiitake kwa pupa. Iwapo itachukua miaka kumi, na ichukue. Timu itakayopanda baada ya muda huo yaweza kushuka msimu unaofuata, kama walivyoshuka wengi. Lakini itashukia kwao, miongoni mwa wanachama wake, katika kiwanja chake, ikijiandaa kupanda tena. Kushuka huko hakuna aibu. Aibu ni kuamka asubuhi na kukuta timu imeondoka, na kwamba kumbe tangu mwanzo haikuwa yenu.